Hasira Ambayo Nyanya Hakuwa Nayo

Kwetu Wusi, juu kwenye milima ya Taita, mtoto akipanda kutoka Voi hapewi hata maji kabla hajagawanywa. Ndivyo nilivyoiona shughuli ile nikiwa mdogo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinishika kidevu akanigeuza huku na huku kama anayechagua papai sokoni, kisha akaanza: paji la uso la babu yako, masikio ya mama yako, hii miguu sijui umeitoa wapi. Akimaliza kwangu alimshika ndugu yangu mdogo. Huyo hakumchukulia muda, kwa sababu alikuwa na mwanya wa nyanya, ule mwanya mpana wa meno ya mbele, na kila mtu aliridhika papo hapo kwamba ni mtoto wa nyumba ile. Nyanya alicheka akaonyesha wake, ndugu yangu naye akaonyesha wake, na sisi wenye meno yaliyobanana tukajiona tumepunjwa urithi.

Mimi nilipewa hasira. Shangazi alisema ni za baba yake nyanya, mzee wa Taveta aliyefariki zamani, ambaye inasemekana alisusia chakula cha harusi yake mwenyewe. Sijui kama ni kweli, lakini hadithi hiyo niliipenda na mpaka leo naitumia. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi, na fundi akinirudishia mfuko wa saruji ulionyeshewa kwake, akidai aliununua ukiwa hivyo hivyo, namwachia yule mzee wa Taveta amjibu.

Tulipanda Wusi kila likizo ya Agosti. Sisi watoto wa Voi tumezoea jua linalokausha nguo kabla hujamaliza kuanika, na kule tulikuta ukungu unaokaa shambani mpaka mchana, na baridi ambayo nyanya aliiita hewa tu. Alitupikia kimanga, ule mseto wa muhogo na maharagwe uliopondwa mpaka ukalainika, na tulikula tukiwa tumekalia miguu yetu ili ipate joto. Jioni alisuka vikapu vya katani karibu na moto huku akizungumza nasi Kidawida, lugha yetu Wataita. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili, naye aliniambia ninaongea kama redio. Ukiniuliza leo ni wapi nilipokuwa na raha kuliko pote, nitakutajia jiko lile lenye moshi, na nitakutajia bila kufikiri.

Ndugu yangu alipenda mfereji. Ulipita chini ya shamba la nyanya, maji yake baridi kama ya friji, naye aliingia na nguo zote. Kisha, baada ya siku mbili tatu, alianza kuumwa. Hakuwa anaumwa kama watoto wengine, homa na kikohozi. Alishika miguu yake akalia kwamba mifupa inauma, na macho yake yalikuwa na umanjano. Alibebwa mgongoni hadi zahanati, akatibiwa malaria, akarudi amelegea. Akishuka Voi, alipona. Huko Voi aliugua pia, lakini mara moja moja tu. Kwa nyanya aliugua kila tulipoenda, na watu wana macho.

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu Taita, tangu zamani, mtoto akiumwa maradhi yasiyoeleweka, watu hawaulizi kwanza amekula nini. Huuliza nani amekasirika. Hasira ya mtu wa karibu, mzazi au nyanya au shangazi, ikikaa moyoni bila kutolewa, inaaminika itamtafuta aliye mnyonge nyumbani. Haihitaji uchawi wala nia mbaya, mwenye hasira mwenyewe anaweza kuwa hata hajui kwamba anayo. Dawa yake ni kutasa. Mwenye moyo mzito anachukua maji au pombe ya miwa kinywani, anayapuliza nje, na kila akipuliza anataja lililomuudhi na kuliambia litoke. Kanisani walilikataza, na nyumbani kwao walilifanya.

Na nyanya alikuwa amekasirika, hilo lilijulikana na mtaa mzima. Baba alikuwa kitinda mimba wake, ndiye aliyetarajiwa kubaki na shamba. Alipopata kazi ya reli akahamisha mke na vitu vyake kwenda Voi, nyanya alikaa kwenye maharagwe yake akipalilia, hakuja barabarani kuaga. Vitanda vilipakiwa kwenye pikapu, mama akapanda akiwa na mimi mikononi, na yule bibi hakuinua kichwa. Mwaka uliofuata ndugu yangu akazaliwa, na kabla hajajifunza kutembea viganja vyake vikavimba kama mandazi. Kwa shangazi yangu hesabu ilikuwa imekamilika.

Nakumbuka asubuhi nyanya alipotasa. Shangazi alikuwa ameenda kuulizia kwa mtu anayejua mambo hayo, akarudi na jibu alilokwenda nalo. Tulisimama uani, sote tumejifunika leso, ndugu yangu amelazwa kwenye mkeka mlangoni. Nyanya alitumia maji, kwa kuwa alikuwa mama wa kanisa na pombe hakuigusa. Alichukua kikombe, akapuliza, akasema: "Kama nina hasira na mwanangu, itoke." Akapuliza tena. "Kama nina hasira na mke wake, itoke. Mtoto huyu awe mzima." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeita kuku. Ndugu yangu akapata nafuu wiki hiyo, kama alivyokuwa akipata kila mara, na shangazi akatembea kijijini kifua mbele.

Disemba akaugua tena, safari hii vibaya. Sasa neno likabadilika. Walisema nyanya alitoa maji akabaki na hasira.

Mama hakuwa mtu mbaya. Ni mtu wa Sagalla, mpole, na hakuwahi kumjibu nyanya vibaya hata siku moja. Lakini alikuwa na mtoto aliyemlilia mifupa, na aliogopa. Aliacha kumpeleka Wusi. Hakutangaza, kila likizo ilikuwa na sababu yake, mara ana mafua, mara ana masomo ya ziada, na mwishowe hakuna aliyeuliza sababu. Nilipanda peke yangu. Baba alinisindikiza hadi stendi na hakusema lolote, na kimya chake kile kiliniudhi kuliko maneno yote ya shangazi.

Kila nilipofika, nyanya aliniuliza ndugu yangu amekua kufikia wapi. Nilimwonyesha kwa mkono kwenye mwimo wa mlango wa jiko. Aliutazama mkono wangu, akasema amekua, akarudi kwenye katani zake. Nikiondoka alinipa ndizi za kumpelekea, na kikapu kidogo alichomsukia, kila mwaka kikubwa kidogo kuliko cha mwaka uliopita.

Nikiwa kidato cha tatu, siku moja tunasuka, aliniambia, "Nimeitafuta."

Nikamuuliza nini.

"Ile hasira. Nikiamka naitafuta, nikilala naitafuta. Siku ile walipohama nilikasirika, sikatai. Lakini iliisha kabla ya yale maharagwe kuiva. Sasa wanataka nitoe, na mimi sijui nitoe nini." Akavuta uzi, akaukaza. "Labda iko mahali sioni. Mtu hajioni mgongo."

Nilitaka kushuka mlima ule nikampige mtu. Mimi, mwenye hasira zinazojulikana, niliyewahi kumwagia mwenzangu wino kwa kunicheka, sikuwahi kumfanya mtu augue hata mafua. Kama hasira ingekuwa inaua, darasa langu lote lingekuwa makaburini. Nilimwambia hivyo, naye alicheka mpaka mwanya wake ukaonekana, lakini hakuacha kutafuta.

Mwaka uliofuata, mwalimu wetu wa baiolojia aliingia darasani na kipande cha kamba ya katani. Alikuwa mwanamke wa hapa Voi, wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani, na Kiingereza cha somo kikituchosha alitufundisha kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Aliiinua ile kamba.

"Tazameni. Hii ina nyuzi mbili zilizosokotana. Ndani ya kila seli ya mwili wako mna kamba mfano wa hii, nyembamba hata jicho haliioni, nayo ndiyo DNA. Imeandikwa namna ya kukutengeneza wewe. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza kamba yafunguka." Akaisokotoa mwanzo hadi mwisho, nyuzi mbili zikatengana. "Sasa kila uzi wajitafutia mwenzi mpya, herufi kwa herufi. Hapa palikuwa na kamba moja, sasa zipo mbili, na kila moja ina uzi wa zamani na uzi mpya. Ndivyo unavyokua. Na ndivyo wazazi wanavyokupa chao bila wao kubaki mikono mitupu."

Aliendelea kusema kwamba herufi zenyewe ni nne tu, na kwamba katika kunakili zote hizo mara moja moja herufi hukosewa. Kosa likishaingia, nakala inayofuata hulifuata kwa uaminifu. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nimeona nyanya akifumua kikapu kizima kwa sababu ya uzi mmoja wa chini, maana kila mstari wa juu huhesabiwa kwa ule ulio chini yake.

Kisha akatoa mfano. Alisema kuna kosa la herufi moja tu linalozifanya chembe nyekundu za damu, ambazo ni duara, zijikunje kama mundu. Zikijikunja zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtu anaumwa mifupa. Mtoto mchanga huvimba viganja na miguu. Macho huwa manjano. Baridi humzidishia, na kuingia maji baridi, na kukosa maji ya kunywa, na kupanda milima. Selimundu, alisema, andikeni.

Sikuandika. Nilikuwa nimeuona ule mfereji.

Baada ya kipindi nilimfuata hadi nje ya chumba cha walimu nikamweleza kila kitu, haraka haraka, na nadhani kwa sauti ya juu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Mwanangu," akasema, "usimpe mtu ugonjwa kwa kusoma daftari. Mwambie mama ampeleke akapimwe damu. Na baba na mama wapimwe pia. Kipimo ndicho kitakachosema."

Damu ilipelekwa Mombasa na majibu yakachukua muda wake. Ndugu yangu alikuwa na selimundu. Baba alikuwa na lile kosa la herufi, mama pia, kila mmoja amelibeba nusu bila kuumwa hata siku moja. Daktari aliwaeleza wakaitikia kwa heshima, na walipofika nyumbani nikagundua kwamba baba hakuelewa chochote.

Nikafanya kama mwalimu alivyotufanyia darasani. Niliweka vikombe viwili mezani, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Katika kila kikombe nilitia haragwe jekundu moja na jeupe moja. Jekundu ni lile kosa. Mtoto anachukua moja kwa baba na moja kwa mama, macho yakiwa yamefumbwa. Akipata jekundu moja, anabeba tu, haumwi. Akipata mekundu yote mawili, anaumwa. Na kila mtoto anaanza upya, maharagwe hayakumbuki aliyetangulia alipata nini.

Baba akafumba macho akachota. Jeupe na jekundu. Akarudisha, akachota. Meupe. Nikamwambia huyo labda ni mimi. Akarudisha tena, akachota, akafumbua macho, yakawa mekundu mawili. Aliyaangalia, akayarudisha, akachota tena, na tena, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mule mule. Mama alimshika mkono wake hatimaye akamtolea maharagwe kiganjani, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa ya chakula cha jioni.

"Kwa hivyo hakuna mtu aliyemkasirikia," baba akasema.

Nikamwambia hapana.

"Na mama yangu tulimwambia nini miaka hii yote?" Nilikuwa na jibu, na lilikuwa kali, lakini nilimwona uso nikalimeza. Ni moja kati ya mara chache katika maisha yangu.

Tulipanda Wusi Jumapili hiyo, sote. Ndugu yangu alivaa sweta mbili na kofia, amekunywa maji mpaka akalalamika. Nyanya alikuwa ametoka kanisani. Alipomwona mlangoni hakumkimbilia. Alisimama, akamtazama mama, kama anayeomba ruhusa. Mama akamsukuma mtoto taratibu kwa bega. Nyanya akampimisha kwenye mwimo wa jiko, pale nilipokuwa nikiweka mkono wangu, akasema, "Huyu dada yako alikuwa ananipunja."

Baba alimweleza, kwa Kidawida, polepole, akisaidiwa na mimi. Nilimwonyesha kwa kamba, kisha kwa maharagwe. Nilimwambia ni baridi ya Wusi na ule mfereji vilivyomwangusha kila tulipokuja, wala si moyo wa mtu. Nilidhani atalia au atafurahi. Akauliza swali moja tu. "Mwanangu alilipata kwa nani?"

Nikasema lazima ni kwako au kwa babu. Babu alikuwa amefariki. Nikamweleza pia alichotwambia mwalimu, kwamba mtu aliyebeba nusu, malaria haimpati kwa ukali kama inavyowapata wengine, na ndiyo sababu kosa hili limedumu zaidi kwa watu wa tambarare zenye mbu wengi. Nyanya aliokota haragwe jekundu. Alikuwa amezaliwa Taveta, kwenye vinamasi, na homa ilikuwa imewazika ndugu zake wote wadogo akabaki yeye, wakamwita mtoto wa bahati.

"Na mimi wanitoe damu," akasema.

Baba akamwambia hakuna haja, Mama, umri umeenda, haibadilishi kitu. Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye kona, akamuunga mkono baba. Nyanya hakubishana nao. Wiki ile alishuka Voi mwenyewe, na viatu vyake vya kanisa, akamleta na shangazi.

Nyanya alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa uzee, kitandani mwake. Ndugu yangu yuko. Anatengeneza simu karibu na stendi, anakunywa dawa zake kila siku, na Agosti akipanda Wusi anapanda na blanketi na hagusi mfereji, ingawa nimemwona akiutazama. Kabla sijaolewa nilimpeleka mchumba wangu kupimwa, akaniuliza haya ndiyo mahaba ya Kitaita, nikamwambia ndiyo. Lakini nikikumbuka habari hii yote, ninachokumbuka ni siku nyanya alipokuja kuchukua majibu.

Tuliketi kwenye benchi, nyanya katikati, shangazi upande mmoja, mimi na ndugu yangu upande wa pili. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliinama, akapunguza sauti kama anayetoa pole, akasema: "Nyanya, naona hata wewe umebeba. Ni yako."

Nyanya akamwomba arudie. Daktari akarudia, sasa akiwa na wasiwasi kwamba bibi hajaelewa.

"Sema kwa nguvu," nyanya akamwambia, akimwonyesha shangazi. "Huyu mwanangu hasikii vizuri."

Daktari akasema kwa nguvu, mpaka watu wa foleni wakageuka. Shangazi akainamisha kichwa akachezea pindo la leso yake. Nyanya alishusha pumzi ndefu, na mabega yake, ambayo nilikuwa nimeyazoea yamekazana, yakashuka. Akamgeukia ndugu yangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hiki kinachokuuma, nilikupa mimi," akamwambia. "Nilimpa baba yako, naye akakupa. Sikujua kama ninacho. Na sikukupa kwa hasira."

Ndugu yangu, aliyefundishwa na mama kwamba ukipewa kitu na mkubwa unashukuru, akamwambia asante. Hapo ndipo nyanya alipolia.